Siku Edome Walipokataa Matangi ya Mafuta

Siku mliyoniaga mlinipa kiti cha kukunja, shuka mbili na keki iliyoanza kuyeyuka kabla sala haijaisha. Mkaniomba niseme machache, nami nikasema machache, kwa sababu mkubwa wa ofisi alikuwa akitazama saa. Haya ni yale mengine. Nayaandika kwa ajili yenu mliobaki kwenye ofisi ya mipango ya ardhi pale Lodwar, hasa nyinyi vijana mnaodhani ramani huzaliwa ndani ya kompyuta. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni mtu wa Lorugum. Baba alikuwa na mbuzi, mama alikuwa na maneno, na mimi nilirithi zaidi upande wa mama. Nilipotoka chuoni nikaletwa Lodwar kuwa ofisa wa mipango, mwanamke wa kwanza kukanyaga ofisi ile akiwa na kazi isiyokuwa ya kufagia au kupiga taipu. Asubuhi yangu ya kwanza bosi wa wakati huo alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Vizuri. Tulikuwa hatuna mtu wa chai."

Nikapika chai. Ilipochemka nikajimiminia kikombe cha kwanza, nikaketi kwenye meza iliyokuwa wazi, nikainywa taratibu mpaka ikaisha huku wote wakinitazama. Kesho yake tarishi akaambiwa apike chai na mimi nikaanza kazi yangu.

Meza ile ilipakana na ya Mzee Wafula, mchoraji ramani kutoka Bungoma. Alikuwa ameletwa Lodwar kama adhabu baada ya kukosana na mtu mkubwa huko alikotoka. Adhabu ilipokwisha akakataa kurudi. Yeye alisema amezoea joto, lakini mimi niliona kwamba alikuwa amezoea watu. Kiturkana chake kilikuwa kibovu sana na hakuona haya kukitumia. Akifika mahali popote alisalimia "Ejok!" kwa sauti ya kuita ng'ombe, na watu walicheka, na wakishacheka walikuwa tayari kuzungumza.

Ni yeye aliyenifundisha kuweka taulo chini ya mkono ninapochora, kwa sababu jasho la Lodwar hunata kwenye karatasi na kuondoka na barabara nzima. Alinifundisha kupima mapema asubuhi, kabla mkanda wa chuma haujapata moto wa kuunguza vidole. Alinifundisha pia kutozipenda sana bikoni zetu. Vile vyuma tulivyozika kwenye kona za ploti vilikuwa vyuma vizuri, na mara nyingi tuliporudi tulikuta vimegeuzwa visu. Mzee Wafula hakukasirika. Aliomba aonyeshwe kisu, akakisifu, kisha akauliza kwa upole kilichimbuliwa wapi, na mwenye kisu akamwonyesha. Tukazika kingine.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili: usifungue ramani kabla hujakaa chini na kuulizwa habari za kwenu. Wengi wenu mnashuka kwenye gari huku mmeshaikunjua. Watu wanaona karatasi kubwa mkononi mwa mtu wa serikali na wanajua kuna kitu kinaondoka.

Kwenye ramani zetu nyumba za kukaa tulizipaka kahawia na biashara tukaipaka nyekundu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali rangi hizo isipokuwa sisi wawili. Kisha serikali ya kaunti ikaja, barabara ikawekwa lami, malori yakaongezeka, na watu waliokuwa wakipita mbele ya ofisi yetu bila kugeuka wakaanza kuingia na kuuliza habari za afya zetu. Mzee Wafula akastaafu wakati huohuo. Alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Sasa watakuja na penseli nyekundu. Kaa macho." Akapanda basi la Kitale.

Aliyekuja anaitwa Ebei. Si jina lake kamili, na mjini akina Ebei ni wengi, kwa hiyo atulie. Alikuwa na malori na duka la vifaa vya ujenzi, mwenyeji kabisa, mtu wa kucheka na kusalimia. Alikuwa amenunua ploti kadhaa katika mtaa wa Edome, ule mtaa ulio nyuma kidogo ya barabara kuu, ambao zamani ulikuwa vichaka vya edome na watoto walikwenda kuchuma matunda yake. Sasa palikuwa na nyumba za mabati, vibanda vya majani ya mkoma, kanisa dogo na kisima chenye pampu ambacho mtaa wote ulikitegemea. Ebei aliomba mtaa mzima utolewe kwenye makazi na kuwa wa biashara. Yeye alitaka kujenga ghala na kituo cha mafuta. Matangi yangechimbiwa kwenye mchanga uleule wa kisima, mahali ambapo mtu akisimama kwenye pampu angeweza kumwita mwenzake bila kupaza sauti.

Sheria inasema ombi kama hilo litangazwe ili mwenye neno alete neno. Mkurugenzi wetu, ambaye sitamtaja na yeye anajua, alilitangaza kwa Kiingereza kwenye gazeti ambalo Edome halifiki ila likiwa limefungia nyama. Nakala ikabandikwa kwenye ubao ulio nyuma ya ofisi, karibu na choo.

Nikaenda kwa fundi wa vibao nikamwomba kipande cha bati. Nikamwandikisha kwa rangi nyeusi, Kiswahili upande mmoja na Kiturkana upande wa pili: mtaa huu unaombewa kuwa wa biashara, matangi ya mafuta yatawekwa hapa, kama una neno njoo useme. Tukakisimamisha kibao kile karibu na pampu, ambapo kila nyumba hutuma mtu angalau mara moja kwa siku.

Mkurugenzi aliniita kabla ya saa ya chai.

"Madam, nani amekutuma kuweka bati Edome?"

"Sheria inataka watu wajue."

"Watu wametangaziwa. Iko kwenye gazeti."

"Sasa iko na kwenye bati."

Akazungusha kalamu. "Hapa unafanya kazi ya nani?"

"Ya ofisi iliyoandikwa mipango mlangoni," nikasema. Nikatoka kabla hajanipa ruhusa.

Alikuwa amepanga kikao kwenye ukumbi wa hoteli moja upande wa pili wa mji, asubuhi, wakati wanawake wa Edome wako foleni ya maji au sokoni. Kwenda huko ni bodaboda kwenda na kurudi. Nikamwambia chifu, ambaye alikuwa mzee mwadilifu na mchovu, kwamba kikao cha mtaa kinafaa kufanyiwa mtaani. Chifu akatangaza kanisani Jumapili kwamba kitafanyika kwenye uwanja wa kanisa, jioni jua likipoa. Likishatangazwa kanisani, hata mkurugenzi hakuwa na njia ya kulirudisha nyuma. Alikuja amevaa suti.

Uwanja ulijaa. Wazee walikuja na vigoda vyao, wanawake wakaketi mchangani na mitungi mitupu pembeni, kwa sababu wengine walikuwa wametoka moja kwa moja kwenye pampu. Lori moja la Ebei liliegeshwa kwenye ukingo wa uwanja, na watu walioshuka kutoka humo walikuwa wengi, kila mmoja na chupa ya soda. Niliwatazama nyuso. Edome nilikuwa nimeizunguka kwa miguu tangu nikiwa msichana wa mkanda, na wale sikuwajua.

Ebei alisema kwanza, na alisema vizuri. "Mimi sio mgeni hapa. Nimezaliwa hapa, nimekula vumbi ya hapa. Kila siku mnalia hakuna kazi, vijana wanaenda Kitale, wanaenda Eldoret. Mimi nikileta kazi mnasema hapana. Lakini angekuja mtu wa Nairobi mngepiga makofi. Kwa nini mtu wetu mkimwona anainuka roho inawauma?"

Wengine walipiga makofi, na si wa lori tu. Nilijua kwa nini. Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake.

Akasimama Mama Akal, mjane aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, ambaye hana haraka na neno lolote.

"Hiyo matangi itakaa wapi?" akauliza.

Fundi aliyekuja na Ebei akamjibu, "Chini ya ardhi, mama. Usiogope, iko salama kabisa. Hata hutaiona."

"Chini ya ardhi ndiyo maji yangu iko," akasema Mama Akal. "Hata hiyo sioni ikitoka. Naona tu ikifika. Siku mafuta yako itaingia kwa maji yangu, wewe utakuwa wapi nikuulize?"

Mama Akal aliendelea kusimama, akingoja jibu. Alingoja mpaka ikawa aibu kwa kila mtu.

Kisha Haji Abdi, mwenye duka la nguo mjini, aliyehamia Edome kabla hata ya kanisa kujengwa, akainua fimbo. "Mimi kazi yangu ni biashara," akasema. "Baba yangu, biashara. Lakini duka langu iko mjini na nyumba yangu iko hapa. Ningetaka kulala dukani ningelala dukani. Ebei ni kijana yangu, namwombea Mungu ampe. Ampe mahali pengine."

Watu wakacheka, Ebei mwenyewe akacheka. Nilidhani mambo yamekaa sawa. Hapo ndipo akasimama Asekon.

Asekon alikuwa mama kijana aliyeuza chai na mandazi mbele ya lango lake. Alisimama na mtoto mgongoni akasema, "Mimi nataka hii mtaa iwe ya biashara."

Makelele yakazuka. Mmoja akamwita msaliti. Nikainuka nikasema hakuna atakayesema tena mpaka huyu amalize, na nilisema kwa ile sauti ya mama yangu.

"Nyinyi mnapiga kelele," Asekon akaendelea, sasa machozi yakimlengalenga, "lakini askari wa kaunti wakija kwangu mnafunga mlango. Wanamwaga chai yangu, wanabeba sufuria, wanasema hapa ni pa kulala, sio pa kuuza. Nimewafuata mpaka ofisini kuomba sufuria yangu. Nani kati yenu alikuja na mimi? Kama ikiwa ya biashara, wataniacha. Mimi sina maneno na mafuta. Mimi nataka kuuza chai yangu kwa amani."

Nawaambieni, katika kazi yote niliyofanya hakuna maneno yaliyonichoma kama hayo. Ni rangi yangu ya kahawia iliyokuwa ikimwaga chai ya Asekon, na nilikuwa sijawahi kuitazama hivyo. Tuliweka neno makazi kwenye ramani kana kwamba watu wanaokaa hawali.

Mkurugenzi aliona nafasi yake. Akasimama upesi, akavuta koti. "Basi, tumesikia pande zote. Maoni yamegawanyika. Tupige kura kwa mikono tumalize. Wanaokubali biashara?"

Mikono ikapanda, na mingi ilipanda ikiwa na soda.

"Mheshimiwa, subiri," nikasema.

"Madam, keti."

"Subiri." Nikageukia watu. "Kila mkazi wa Edome aende asimame mlangoni kwake. Sisi tutapita tumuulize huko huko. Mwenye nyumba, mpangaji, bibi, yeyote anayelala hapa. Nendeni sasa."

Kisha Mama Akal akachukua mtungi wake, akaondoka. Haji Abdi akamfuata. Wazee wakanyoosha miguu, wakabeba vigoda. Uwanja ule ukapukutika mbele ya macho yetu, watu wakielekea kila upande, na katikati wakabaki wageni wa lori wakiwa wamesimama na chupa zao, hawajui pa kwenda. Mmoja wao, mzee wa makamo, aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaketi chini pale alipokuwa. Chifu alifunika uso kwa kofia. Alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika.

Tulipita nyumba kwa nyumba: mimi, chifu na mkurugenzi na suti yake, kwa sababu nilimwambia mbele ya watu kwamba asipokuja watasema mimi nimetunga. Kwenye kila lango tuliuliza na kusikiliza. Wengi walikataa. Wachache walikubali na wakatoa sababu zao, nami niliziandika zote sawa. Tulipofika kwa Asekon, alikuwa amesimama kando ya jiko lake akifuta macho na kanga.

"Nimefikiri," akasema. "Mama Akal amepita hapa, ameniambia siku nyingine askari wakija nimwite. Andika hivi: nataka chai yangu, sitaki matangi. Inaweza kuandikwa hivyo?"

Mkurugenzi akasema, "Hapana. Ni makazi au ni biashara. Hakuna katikati."

"Inaweza kuandikwa hivyo," nikamwambia Asekon, na nikaandika.

Usiku ule mume wangu, ambaye ni mwalimu, aliniuliza kama najua ninachofanya. Nikamwambia najua nusu. Akasema nusu inatosha kuanzia, akaenda kulala. Yeye huwa hana maneno mengi. Ndiyo maana tumedumu.

Mkurugenzi alipeleka kwa kamati ya ardhi maelezo kwamba wakazi wamegawanyika na ofisi inapendekeza ombi likubaliwe. Alitaka niweke sahihi yangu chini ya yake. Nikakataa. Akaniambia basi nisifike kwenye kamati. Nikafika. Nilipoingia kwenye baraza ya nje ya chumba cha kamati niliwakuta wanawake wa Edome wameketi sakafuni, ukuta hadi ukuta, Mama Akal akiwa karibu kabisa na mlango. Hawakuwa na bango, hawakuimba, hawakumtukana mtu. Walikuwa wamekaa tu, na kila mjumbe aliyetaka kuingia ilimbidi ainue miguu juu, aombe njia, asalimie. Ni vigumu kuwaruka mama zako mmoja baada ya mwingine kisha uingie ndani useme hawajulikani wanataka nini.

Mwenyekiti wa kamati aliniona nimesimama nyuma. "Madam, ofisi yenu inasema ombi lipite. Wewe una lingine?"

Mkurugenzi aligeuka akanitazama kwa macho ambayo nilielewa vizuri kabisa.

"Ofisi imeshasema," nikajibu. "Mimi nimekuja kusema waliyosema wakazi, kwa sababu niliwauliza nikiwa pamoja na chifu na mkurugenzi huyu. Hawataki matangi karibu na maji. Hawataki maghala. Wanataka mtu aruhusiwe kuuza kitu kidogo mlangoni kwake bila kumwagiwa. Sheria haikatazi kuandika hivyo. Ni sisi tumekuwa wavivu wa kuandika."

Mjumbe mmoja akauliza nani ametuita wavivu. Nikasema ni mimi, na nimejihesabu humo.

Walibishana mchana kutwa. Mwishowe ombi likakataliwa. Matangi yakakatazwa Edome, maghala yakakatazwa, na biashara ndogo za nyumbani zikaruhusiwa: chai, cherehani, kinyozi, duka la dirishani. Wanawake walipoelezwa hapo nje hawakushangilia. Mama Akal alijipangusa vumbi akasema, "Sasa twendeni, pampu haijafunguliwa tangu asubuhi." Asekon peke yake alipiga kigelegele, kimoja, halafu akaona haya.

Mimi nilihamishwa. Barua ilisema mahitaji ya kazi. Nilipelekwa Kakuma, kwenye chumba kimoja chenye meza na feni isiyozunguka, nikiwaacha watoto Lodwar na baba yao. Mkurugenzi alinitumia neno kupitia mwenzetu mmoja kwamba nikiandika kuomba radhi nitarudishwa. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado ananililia kwenye simu kila jioni. Nilikaa na kalamu mbele yangu, na sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Lakini kila nilipojaribu kutafuta kosa la kuombea radhi nilikuta ni kwamba niliwauliza watu. Nikarudisha kalamu kwenye droo. Nikamwambia mume wangu awalete watoto wakati wa likizo, na wakaja, na wakapenda Kakuma kuliko mimi.

Nisiseme uongo, Kakuma nami niliipenda baadaye. Pale nilikuta mambo ya Edome yamevaa nguo nyingine. Kwenye mtaa mmoja upande wa kuelekea Lopur, wenyeji walikuwa wamewakodisha wakimbizi vyumba vya mbele, na wakimbizi wakafungua cherehani na mikahawa ya chai. Amri ikaja kwamba wote waondolewe kwa sababu ni mtaa wa makazi. Tulipoita kikao, mshonaji mmoja kutoka Kongo, Mama Furaha, alisema kwa Kiswahili chake cha kwao, "Siye tunaomba tu fasi ya kushona. Atuna mambo mingi." Na mwenye nyumba wake, bibi wa Kiturkana mwenye shanga hadi kidevuni, akasimama kando yake akasema kwa Kiturkana, nami nikatafsiri: "Nyumba ni yangu na huyu ni mtu wangu. Mkimtoa yeye mnatoa chakula changu." Tukaandika kama tulivyoandika Edome, na safari hii sikuhitaji kugombana na mtu. Mkubwa wa huko alisema tu, "Kumbe inawezekana?" Nikamwambia inawezekana.

Ebei nilikutana naye Kakuma. Alikuwa amejenga kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, mahali palipopangwa kwa kazi hiyo, mbali na kisima chochote. Alinikaribisha chini ya kivuli cha paa lake jipya akaagiza chai.

"Ulinisumbua sana, dada," akasema.

"Nilikusumbua."

Akazungusha kikombe. "Kile kisima bado kina maji?"

"Bado."

"Mama yangu mdogo anateka hapo," akasema. Hatukurudia habari hiyo tena. Wala hakunishukuru, na mimi sikutaka anishukuru. Chai ilikuwa nzuri.

Nilirudishwa Lodwar baada ya mkurugenzi yule kuhamishwa naye, kwa mahitaji ya kazi vilevile. Miaka iliyofuata mlikuwepo wengi wenu na mnaijua. Mlinikuta mama wa miwani anayewakataza kushuka kwenye gari na ramani wazi.

Sasa nije kwenye sababu ya kuandika haya. Tangu nistaafu nimekodi nyumba Edome. Ndiyo, nimekodi. Nimegawa ploti za mji huu maisha yangu yote ya kazi, na sina hata moja mjini. Nyumba yangu ya kujenga iko Lorugum na inajengeka polepole kama uzee. Majuzi likaja ombi jingine: mtu anataka upande wa kanisa uwe wa baa na nyumba za kulala wageni. Kikao kikaitwa. Nikachukua kile kiti changu cha kukunja, lakini nilipowaona wenzangu wameketi mchangani nikakiacha kando nikaketi nao.

Aliyeongoza alikuwa mmoja wenu. Sitamtaja, na yeye anajua. Kijana mzuri, anajua kompyuta, na safari hii hakufungua ramani mapema, nikafurahi. Kisha akasema, "Ili kuokoa muda, wapangaji watasikiliza tu. Watakaosema ni wenye ploti peke yao."

Waliokodi Edome sasa ni wengi kuliko wenye nyumba: manesi, waendesha bodaboda, walimu, mama wauza samaki wa ziwani. Nikainua mkono. Akaniona, akababaika.

"Madam… Mama, wewe umeshastaafu."

"Nimestaafu kazi. Kulala bado nalala, na nalala hapa."

"Lakini wewe ni mpangaji, Mama."

"Ni mpangaji," nikasema. "Na kabla ya hapo nilikuwa mpangaji wa mji huu wote. Hilo neno halijawahi kunifunga mdomo, kwa maana yoyote ile."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatazama saa, akatazama mwenye ombi aliyekuwa kwenye kiti cha mbele, akanirudia kwa sauti ya chini, ya heshima, "Mama, tafadhali keti."

Sikuketi. Mwuza samaki aliyekuwa kulia kwangu akajipangusa mchanga akasimama. Nesi mmoja akasimama na sare yake. Kisha wakainuka upande ule wote, mmoja baada ya mwingine bila kuambiwa, na wenye nyumba wakageuka kutazama, na baadhi yao nao wakasimama. Mwenzenu yule alibaki ameshika kalamu hewani. Nilimwona akifikiri. Ni hapo, ndugu zangu, ndipo kazi yenu ilipo. Mengine yote ni rangi.

Akavuta karatasi safi. "Haya," akasema. "Tuanze na huyu mama wa samaki. Jina lako?"

Mama yule akalitaja, kwa sauti iliyofika mpaka kanisani.